Mwokoaji Aliyebebwa Mgongoni

Siku ya dhoruba ile, mtu wa kwanza kuokolewa alikuwa mwokoaji mwenyewe. Jambo hili halimo kwenye taarifa ya chama, lakini hakuna mtu wa mtaa wa chini asiyelijua, na mhusika wala halifichi. Ukimkuta ana wageni, atalisimulia kabla hujakaa vizuri, tena kwa raha, kama mtu anayemsengenya jirani.

Jina lake la kwenye vyeti analijua mkewe na ofisi ya pensheni. Wengine wote walimwita Kipaza.

Alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na moja. Kazi ile ilimzoesha vibaya, kwa sababu watu walimsikiliza kwa lazima: stempu zilikuwa upande wake wa dirisha. Mtu akija kutuma barua, anapewa kwanza maelezo ya namna ya kuandika anwani, halafu onyo juu ya gundi, halafu kisa cha bahasha iliyozunguka miaka minne kwa sababu ya tarakimu moja. Alipostaafu akarudi nyumbani na hotuba zake zote, na msikilizaji akabaki mmoja. Akaanza kupanga jiko la mkewe. Vikombe akavipanga kwa kimo. Makopo akayabandika karatasi zenye maandishi mazuri ya posta: CHUMVI, SUKARI, HAMIRA. Maandishi yalikuwa hayana kasoro, ila mawili ya kwanza yalibandikwa pasipo pake. Mkewe alikunywa funda moja la chai, akaweka kikombe chini polepole.

"Baba watoto," akasema, "mji huu una chama cha msaada. Kawasaidie na wao. Mimi umeshanisaidia vya kutosha."

Chama chenyewe kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la dawa, na ghala moja la bati kule chini karibu na ufuo. Kila baada ya miaka michache bahari hufurika upande ule, na watu wa chama hukusanya chakula, blanketi na maturubai wakayapeleka kwa waliopatwa. Hawakuzidi kumi na wawili. Mwenyekiti alikuwa mama mfamasia mwenye lile duka, mtu wa maneno machache aliyezoea kusema "kutwa mara tatu" na kunyamaza. Wengine walikuwa muuguzi mstaafu, fundi bomba, dereva wa lori, na watu wa namna hiyo. Kipaza alipoulizwa ana ujuzi gani, alijibu kwa dakika ishirini. Mwenyekiti akasubiri amalize, akafungua kabati, akamkabidhi kipaza sauti cha mkononi ambacho hakuna mwingine aliyetaka kukibeba. Jina likazaliwa hapo hapo.

Akajitosa kwenye kazi. Akasoma vijitabu vyote vya maafa vilivyokuwa ofisini, akatunga mwongozo wake mwenyewe wenye hatua kumi na moja, na orodha ya vitu vya kugawa siku ya dharura. Kisha akaanza kutoa semina katika ukumbi wa shule, ile iliyo juu ya kilima. Katika semina ya kuogelea alilala kifudifudi juu ya benchi, akawaonyesha watu wa ufuoni jinsi mikono inavyokata maji. Waliozaliwa majini walimtazama kwa adabu. Yeye mwenyewe bahari hakuwahi kuiruhusu ipite vifundo vya miguu.

Safu ya mbele alikuwepo mwanamke wa miaka hamsini hivi, mkulima wa mwani, mwenye mabega mapana na vidole vilivyokakamaa kwa chumvi na kamba. Watu walimwita Mama Mwani. Alikuwa amelala fofofo. Kipaza akashuka kwenye benchi, akamwendea.

"Mama, haya ninayosema yanaweza kukuokoa."

Akafumbua jicho moja. "Endelea tu, mwalimu. Nakusikia." Akalifumba.

Dhoruba ilikuja siku ya kazi, asubuhi. Watabiri wa hali ya hewa walishatangaza kwamba maji yakijaa saa sita yatavuka ukuta wa mawe wa ufuoni. Mwenyekiti akampigia Kipaza simu. "Nenda mtaa wa chini. Waambie wapande shuleni. Basi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Alifika ufuoni akiwa na koti la mvua na kipaza sauti, akapanda juu ya kreti kando ya ghala. Watu walikuwa tayari wanafunga mizigo, maana bahari walishaiona kwa macho yao. Kipaza akaanza kwa salamu. Akawashukuru viongozi waliokuwepo na wasiokuwepo. Akaeleza historia ya dhoruba tatu zilizopita, moja baada ya nyingine. Upepo ulikuwa unampiga mvua usoni, kwa hiyo akafumba macho, na kwa kuwa hakusikia mtu akimkatiza, akadhani leo amepata wasikilizaji wenye nidhamu. Alipofika hatua ya tatu, kiatu chake kikaingia maji. Akafumbua macho. Mtaa mzima ulikuwa mtupu, isipokuwa mbwa mmoja aliyekuwa juu ya tangi, na mbwa naye alikuwa anatazama kilimani.

"Walihama upesi kuliko mwaka wowote," husema mpaka leo. "Sijawahi kujua kama walikimbia bahari au walinikimbia mimi."

Maji hayakumpa nafasi ya kufika hatua ya nne. Yalikuja kwa mkupuo, kreti ikamtoka miguuni, naye akajikuta ameshika nondo za dirisha la ghala kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mkono mwingine. Wengine husema maji yamewafika shingoni wakiwa wamekaa kwenye kiti wanasoma bili. Yeye yalimfika kwelikweli, tena yakiwa na mbao na ndoo za watu ndani yake. Kidole kilikuwa kimeganda kwenye kitufe, kwa hiyo kila alichosema kilisikika mtaa mzima. Alikuwa anajitahidi kujisomea mwongozo. "Hatua ya kwanza, usitaharuki," ilisikika, halafu, "mama yangu wee," halafu tena, "hatua ya kwanza."

Mama Mwani alikuwa nyuma ya wote, maana alimpandisha kwanza mama mkwe wake, akarudi kuhakikisha hakuna aliyebaki kwenye nyumba za mwisho. Alikuja ameegemea ukuta, kamba kiunoni, maji kifuani. Akasimama mbele ya dirisha, akamwangalia kama mtu anayekadiria mzigo.

"Mwalimu, panda mgongoni. Na zima hicho kitu, kinanitoboa sikio."

"Mama, mimi ni mzito."

"Mwani mbichi ni mzito zaidi, na haubishi. Panda."

Akapanda. Mganga hajigangi, na siku ile hata kutembea alitembezwa. Walipofika shuleni, watu zaidi ya mia tatu walikuwa wamejaa barazani, na wote wakamwona akiwasili juu ya mgongo wa mwanamke, koti limejaa maji, mkono umeinua kipaza sauti kisilowe. Bibi mmoja aliyekuwa haoni vizuri akauliza, "Huyo nani? Mgonjwa?"

"Hapana, bibi," akajibiwa. "Ni wa chama. Amekuja kutuokoa."

Hapo ndipo kisa kingeweza kuishia, na wanaomdhihaki huishia hapo. Lakini bahari siku ile haikufanya mzaha. Ilichukua zaidi ya nyumba arobaini na ikaua watu sita, wengi wao wakiwa ni wale waliokwisha kutoka wakarudi kuchukua kitu. Maji yalipopungua, kilichobaki kilikuwa ni matope, kuta zilizosimama bila paa, na harufu.

Siku ya tatu chama kilishuka na lori. Kipaza, aliyekuwa bado anakohoa, alisisitiza kusimamia ugawaji. Nadhani alitaka kufuta ile picha ya mgongoni. Akaweka meza, akaweka kitambaa juu ya meza, akapanga watu mstari juani. Mzigo ulikuwa mchele, maharage, mafuta, chumvi na blanketi, kama ilivyosema orodha yake. Kulikuwa pia na boksi kubwa kutoka kwa wahisani fulani wenye moyo mwema, ambalo lilifunguliwa mbele za watu likakutwa na tai za shingoni sitini na nne. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamechoka.

Ilipofika zamu ya Mama Mwani, alipokea mfuko wake, akashukuru, halafu hakuondoka.

"Mwalimu, tutapikia wapi?"

"Kuni zipo, mama. Mbao zimejaa."

"Sisemi kuni. Sufuria. Masufuria yamekwenda na maji."

Kipaza akatazama karatasi yake. "Orodha ya dharura ina mchele, maharage, mafuta, chumvi, blanketi. Sufuria haimo."

"Aliyeiandika alikuwa na njaa?"

"Niliiandika mimi."

"Basi ulikuwa umeshiba," akasema Mama Mwani, bila ubaya wowote. Akabeba mfuko wake akaenda.

Ilimkera. Alijiambia kwamba mtu hawezi kupewa mchele akadai na sufuria, kesho atadai na mpishi. Akagawa mpaka mwisho, akakunja kitambaa chake, akaanza kupanda kurudi mjini kwa miguu kupitia katikati ya mtaa. Na hapo akaona. Nyumba ya kwanza walikuwa wameloweka mchele kwenye ndoo ya maji baridi, wamekaa wanaungoja ulainike. Nyumba ya pili, mzee alikuwa amekunja kipande cha bati kikawa kama karai, na maharage yanagongana ndani yake magumu kama kokoto, maana maji yalikuwa yanavuja kwenye mkunjo na kuuzima moto. Mwanamke mmoja alichemshia kwenye kopo la rangi, na povu lilikuwa la kijani. Kwa Mama Mwani kulikuwa na sufuria moja, aliyokuwa ameifunga juu kabisa kwenye boriti kabla ya maji kuja, na nyuma ya sufuria ile watu walikuwa wamepanga mstari mrefu kuliko ule wa meza yake. Hakukuwa na mtu wa kuwapanga. Walijipanga.

Miaka thelathini na moja ya kuwaonya watu juu ya tarakimu moja, na yeye alikuwa ameacha sufuria.

Akaenda nyumbani moja kwa moja, akaingia jikoni, akaanza kupakia masufuria kwenye gunia. Mkewe akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Unazipeleka wapi?"

Akamweleza. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alieleza jambo kwa sentensi mbili. Mkewe akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa sufuria ndogo.

"Hii acha. Itapika nini, dawa ya kikohozi?" Akaenda chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda sufuria kubwa lenye mikono miwili, lile analolitoa watoto na wajukuu wote wakija. "Chukua hili. Na usiwahutubie. Wape tu."

Kesho yake asubuhi akapanda lori pamoja na dereva, wakazunguka mitaa ya juu. Kwenye kona ya kwanza Kipaza akawasha mtambo wake, akasalimia, akaanza na maana ya ubinadamu. Dereva akamgeukia.

"Mzee, dizeli inaisha."

Akafupisha. Kwenye kona ya pili akafupisha tena. Kufika ya tatu ilikuwa imebaki hivi: "Majirani, wenzetu wana mchele, hawana sufuria. Naomba sufuria." Watu wakatoka. Wengine walileta moja, wengine mbili zikiwa zimepachikana. Walileta zilizopinda, zisizo na mifuniko, na mifuniko isiyo na sufuria. Bwana mmoja alitoa sufuria kwa moyo mkunjufu hata akasahau kutazama ndani, na walipofika mtaa wa pili mkewe akawafikia akihema, akainua kifuniko mbele yao: mchuzi wa nyama, bado wa moto. Akaumimina kwenye bakuli alilokuja nalo, akafuta sufuria kwa kanga yake, akawarudishia. "Sufuria pelekeni," akasema. "Yeye nitazungumza naye."

Hadi alasiri walikuwa na masufuria mia mbili na kumi na mbili. Kipaza hakuweka meza. Alipita nyumba kwa nyumba, anagonga pasipo na mlango, anaweka, anaondoka. Mama Mwani alipopata habari alitoka kumtazama, akaona lile boksi la tai bado liko ndani ya lori.

"Na hizo unazirudisha?"

"Zina kazi gani, mama?"

"Imara hizo. Nitafungia vigingi vya mwani."

Akazichukua zote. Baadaye shamba lake lilikuwa na vigingi vilivyovaa kama maofisa, na mwani ulishika.

Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya fundi saa. Alikuwa amekaa kizingitini, mtu mwembamba wa makamo, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Kipaza alijua kwamba mke wa fundi huyo alikuwa mmoja wa wale sita. Akaweka sufuria chini. Angeondoka, lakini tabia ni ngozi. Akavua kofia, akaanza kusema juu ya subira, juu ya mapenzi ya Mungu, juu ya wakati unavyoponya.

Fundi saa akamwacha kidogo, kisha akauliza, "Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Malizia, halafu ukae."

Hakumalizia. Akakaa. Wakakaa hivyo muda mrefu, wanatazama kuku mmoja anavyochambua matope. Kipaza alihisi maneno yanampanda kooni moja baada ya jingine, akawa anayameza kama vidonge. Mwishowe fundi saa ndiye aliyesema. Walikuwa wameshafika shuleni wote wawili. Pale barazani mkewe akakumbuka dawa zake za shinikizo la damu, zake yeye fundi, zilizobaki dirishani. Akasema ni dakika tano. Walimpata siku ya pili. Wakazikwa wote sita kwa haraka, udongo umelowa, watu wachache, kila mmoja ana lake.

"Hakuna aliyelitaja jina lake," akasema. "Walisema, 'Hawa sita.' Basi." Akakitazama kipaza sauti kilicholala kati yao. "Hicho bado kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Litaje."

Kipaza akamwuliza jina, na jina la baba yake. Akasimama. Kule posta alisoma majina ya watu maelfu kwenye bahasha bila kufikiria kwamba kila moja lilikuwa na mtu. Akabonyeza kitufe, akalitaja mara moja, lote. Hakusalimia kwanza, hakumshukuru mtu yeyote. Jina likapita juu ya mtaa usio na mapaa. Majembe yaliyokuwa yanazoa matope yakatulia. Kisha watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, na mmoja akataja jina la kaka yake, mwingine la bibi yake, mpaka yakatimia sita, na Kipaza akayatoa yote kama alivyopewa. Mama Mwani alikaa kando ya fundi saa, akakaa tu.

"Hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa," huwaambia wageni, "na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyelala." Akifika hapo hutafuta leso, hudai ni mafua ya ile siku ya dirishani, ambayo hayajamwisha mpaka leo.

Kwenye mkutano wa chama uliofuata mwenyekiti akaomba taarifa. Kipaza akasema kwamba orodha yake haifai, na anayeweza kuandika inayofaa haji mikutanoni kwa sababu hajaalikwa. Mama Mwani akaalikwa. Akakaa kwenye kiti cha mbao juu ya duka la dawa, akataja vitu, na Kipaza akaandika: sufuria, kamba, panga, misumari, vitambaa vya hedhi, tochi. Alipofika kwenye dawa, mwenyekiti akainua kichwa. Siku hizi shuleni kuna kabati lenye dawa za shinikizo la damu, za kisukari na za pumu, kwa majina ya watu wa mtaa wa chini wanaozitumia. Ufunguo anao fundi saa, na kila mwezi hukagua tarehe za kuisha kwa kioo chake kile kile cha kutazamia saa.

Semina zipo bado, ila somo la kuogelea limehamia baharini na mwalimu ni Mama Mwani. Kipaza alijiandikisha akiwa na miaka sitini na mbili, pamoja na watoto wa darasa la tatu. Wenzake wote walifuzu ndani ya mwezi mmoja. Yeye yuko mwaka wa pili, bado amekumbatia dumu la plastiki, na mwalimu wake anasema dumu ndilo linaloendelea vizuri.

Bahari ilifurika tena mwaka jana, kidogo kuliko mwanzo. Kipaza alipita mtaa wa chini kutoka mwanzo hadi mwisho akisema, "Maji yanakuja, pandeni, msirudi," akapanda na wa mwisho. Zilikwenda nyumba kumi na mbili na choo cha soko. Hakufa mtu. Shuleni mkewe ndiye aliyesimamia jiko, maana alisema hawezi kuwaachia watu mia tatu mikononi mwa mtu asiyejua chumvi ni ipi. Kipaza alipomfuata kuuliza kama anaweza kusema maneno machache ya kuwatia watu moyo, alipewa kisu na kuonyeshwa gunia. Akamenya vitunguu kilo nane, kimya, macho yakimtiririka, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza analilia nini.